Jitu la Gesi na Miaka ya Nuru

Zamani kidogo, si ile ya kale, maana viatu vya wahusika bado havijaisha soli, palikuwa na nchi moja yenye bahati. Jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, ni kwa heshima tu, na pia kwa woga. Nchi hiyo ilitawaliwa na Chama cha Nuru. Mvua ikinyesha, ni Nuru imeileta. Isiponyesha, ni maadui wa Nuru wameizuia. Hata mwaka haukuitwa mwaka. Watoto shuleni walifundishwa kusema "mwaka wa Nuru", na wakati mambo haya yanatokea, ilikuwa imetimia miaka thelathini na mmoja ya Nuru, yote chini ya Rais mmoja, Mtukufu Baba wa Nuru, ambaye picha yake ilitundikwa juu kuliko kitu chochote katika kila chumba, isipokuwa feni.

Katika nchi hiyo Sikudhani Mlekwa alikuwa mtafsiri kwenye Idara ya Tafsiri na Mihuri. Idara ilikuwa na mihuri arobaini na watafsiri wawili, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa kwenye semina tangu mwaka juzi. Sikudhani alikuwa mwanamke mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na mwenye dosari ambayo mkuu wake aliiandika kwenye faili lake kila mwaka bila kuchoka: alipenda neno liwe sahihi.

Jumanne moja ikaletwa barua kutoka ng'ambo, ya chama cha watazama nyota, ambao hutuma habari zao kwa serikali zote duniani bila kuchagua. Walikuwa wamegundua sayari. Sayari yenyewe kubwa ajabu, nzito mara sita ya Mshtarii, ile kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua, tena haina ardhi hata ya kuweka kigoda, yote ni gesi juu hadi chini. Sikudhani alihangaika nayo siku mbili nzima. Aliandika "dude la gesi" akafuta. Aliandika "pande la gesi" akafuta. Siku ya pili, wakati wa chai, neno likamjia lenyewe, akalisema kwa sauti akiwa peke yake chumbani: "Jitu la gesi!" Akafurahi mpaka chai ikapoa.

Tafsiri yake ilikuwa hii: "Limegunduliwa jitu la gesi linalozunguka nyota ifananayo na Jua letu. Umbali wake kutoka hapa ni miaka mia na hamsini ya nuru." Akaisoma mara tatu, akaipenda, akaigonga muhuri.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakukosea neno hata moja.

*

Kwa sheria ya nchi ile, Waziri haletewi maandishi yanayozidi mstari mmoja. Palikuwa na karani wa ufupisho, na karani huyo alikuwa na mkasi. Aliikata tafsiri ya Sikudhani pale mstari wa kwanza ulipoishia, akaona bado ni ndefu, akaikata tena katikati, kisha akaunganisha vipande kwa gundi. Karatasi iliyofika mezani kwa Waziri ilisomeka hivi: "Limegunduliwa jitu la gesi. Letu."

Waziri wa Nishati, Matumaini na Mitungi, Mheshimiwa Tindwa, alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Akamwita Sikudhani saa ileile.

"Gesi iko wapi?"

"Iko mbali, Mheshimiwa."

"Mbali ndiyo wapi? Mkoa gani?"

"Iko juu."

Waziri akageukia ramani ya nchi iliyokuwa ukutani, akaweka kidole kwenye ukingo wake wa juu. "Kaskazini. Nilijua tu! Watu wa Kaskazini wana tabia ya kuficha vitu."

"Juu zaidi ya hapo, Mheshimiwa."

Kidole kikapanda. Kikatoka kwenye ramani, kikapita fremu, kikatambaa ukutani mpaka kikagusa picha ya Mtukufu Baba wa Nuru. Waziri akakivuta upesi kama aliyegusa sufuria. "Juu hapo?" akanong'ona.

"Angani, Mheshimiwa. Ni sayari."

"Basi sema angani, mama, usinipandishe presha!" Akajifuta jasho, akaketi. Angani hakukumtisha hata kidogo. "Hapa umeandika 'letu'. Umeandika au hukuandika?"

"Niliandika, Mheshimiwa, lakini ni Jua ndilo letu. Ile ni nyota nyingine, inafanana tu na Jua letu."

"Kinachofanana na chetu ni chetu mpaka mahakama iseme vingine. Na mahakama ni yetu. Endelea. Umbali?"

"Miaka mia na hamsini ya nuru."

Waziri alisukuma kiti nyuma. Akavua kofia. Akasimama, kisha akamwomba arudie, na aliporudia, machozi yakaanza kumtoka mzee wa watu, machozi ya kweli kabisa, yakateremka hadi kwenye tai.

"Mia na hamsini," alisema. "Sisi kwenye Kamati Kuu tulikuwa tunajipangia hamsini, tena tukiona haya. Kumbe watazama nyota wamekwisha kuona. Miaka mia na hamsini ya Nuru!"

Sikudhani akaona shimo lilipo, akajaribu kulifukia. "Mheshimiwa, hiyo nuru siyo ile. Ni kipimo cha umbali, hapo nuru ni mwanga tu."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni akageuza shingo taratibu.

"Unasema," Waziri akauliza kwa upole wa kutisha, "Nuru ni mwanga *tu*?"

Sikudhani alimtazama Waziri, akamtazama mlinzi, akaitazama picha iliyokuwa juu ya ramani. "Naliondoa neno 'tu', Mheshimiwa," alisema.

*

Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya taifa. Mtukufu Rais alihutubia uwanjani kuanzia asubuhi hadi wapiga makofi walipoanza kupishana kwa zamu.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine zimepewa gesi chini ya ardhi, ambako ni lazima mtu ainame. Sisi tumepewa gesi juu, tuitafute vichwa vikiwa vimeinuliwa! Na tumeambiwa, si na mimi, mimi ni nani, tumeambiwa na sayansi yenyewe, kwamba ipo miaka mia na hamsini ya Nuru kati yetu na gesi hiyo. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Aliyekohoa aliombwa jina lake.

Serikali haikulala. Ilianzishwa Kampeni ya Kuaga Mkaa, na kila kaya ikapeleka jiko lake la mkaa ofisi ya kata na kukabidhiwa mtungi wa gesi uliopakwa rangi za Chama. Mitungi ilikuwa mitupu, lakini mipya. Watu waliiweka sebuleni, wakaifunika vitambaa vya kufuma, wakala mihogo mibichi wakisubiri. Mtangazaji wa redio aliwafundisha kila asubuhi namna ya kufungua koki bila pupa, maana gesi ya jitu, alisema, haiwezi kuwa na nguvu za kawaida. Mbunge mmoja aliuliza bungeni iwapo harufu yake itakuwa ileile, akajibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa, na waliokuwa naye meza moja wakahamia meza nyingine.

Sikudhani alipandishwa cheo akawa Mtafsiri wa Gesi. Akapewa kiti kinachozunguka. Alikaa juu yake siku nzima bila kukizungusha.

*

Sasa bomba la kuletea gesi lilihitaji mahali pa kutua. Wataalamu waliizunguka nchi nzima wakipima, wakagundua kwamba mtu akisimama kileleni mwa Kilima cha Ndweto anakuwa karibu zaidi na gesi kwa mita mia nne kuliko mtu aliyesimama bandarini. Mita mia nne si mchezo, waliandika kwenye ripoti yao. Ikaamuliwa kituo kijengwe Ndweto, na nyumba zote za kilimani zivunjwe ndani ya siku kumi na nne.

Nyumba ya kwanza kabisa kileleni ilikuwa ya Shangazi Mashavu.

Shangazi Mashavu ndiye aliyemlea Sikudhani tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki. Katika nyumba ile alijifunza kusoma, kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia upepo. Nyuma ya jiko, chini ya mpera, palikuwa na kaburi la Mjomba Kazumari, mume wa Shangazi, na kila asubuhi Shangazi alikwenda pale kumweleza marehemu habari za majirani, za kweli na za kuongeza.

Sikudhani alipofika, alikuta alama kubwa ya X nyekundu imepakwa ukutani, kati ya mlango na dirisha, na rangi imechuruzika hadi barazani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeona pambo? Kijana wa manispaa aliyepaka alikuwa na adabu sana. Aliniomba radhi kwa rangi iliyodondokea mkeka." Shangazi alikuwa akipepea jiko la mkaa. Lake hakulipeleka kata. Alilifunga kwenye kanga akalificha uvunguni, na kukabidhi ndoo kuukuu, na karani wa kata, aliyekuwa hajapata kupika maishani mwake, akaiandika kuwa jiko. "Wanasema kuna karatasi imetoka wizarani, ndiyo inayonifukuza. Wewe uko huko huko kwenye makaratasi. Mtu gani kaiandika?"

Sikudhani alitamani aseme ni karani mwenye mkasi. "Mimi, Shangazi."

Mkono wa Shangazi uliokuwa ukipepea ukasimama.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kuna sayari iko mbali sana. Basi. Kila neno lilikuwa sahihi."

Shangazi alimtazama bila hasira, na heri angekuwa na hasira. "Na mjomba wako?" aliuliza. "Naye wamempaka X, au yeye ataruhusiwa kubaki?"

Sikudhani alikula alichopakuliwa, akateremka kilima akiona aibu ambayo hakuwahi kuijua kazini, maana kazini aibu huandikiwa mtu mwingine.

*

Alijaribu kusema ukweli kwa njia zote halali. Ofisi ya Masahihisho ilikuwa na dirisha moja, na dirishani palikuwa na mama mmoja akimenya chungwa.

"Nimekuja kusahihisha tangazo la gesi," alisema Sikudhani.

"Umechelewa, dada. Masahihisho ya tangazo hupokelewa hadi siku tatu kabla ya tangazo."

"Kabla? Nitajuaje kosa kabla halijatangazwa?"

"Ndiyo maana hatuna foleni," alisema yule mama, akampa kipande cha chungwa, maana hakuwa mtu mbaya.

Alimwandikia Waziri barua ya kurasa nne. Karani wa ufupisho akaifikisha hivi: "Mheshimiwa, gesi. Wako mtiifu." Waziri akaijibu kwa kumshukuru.

Siku ya kumi na nne ikafika.

*

Kileleni Ndweto palisimamishwa turubai, viti vya kukalia na viti vya kutokaliwa. Bendi ya polisi ilipiga. Jiwe la msingi lilifunikwa pazia la buluu. Mbele ya nyumba ya Shangazi Mashavu, hatua ishirini tu, lilisimama tingatinga kubwa la njano, limefungwa riboni kifuani, dereva wake amevaa glavu nyeupe. Shangazi mwenyewe alikuwa ameketi barazani, chini ya X yake, amevaa kanga mpya. Askari walimwomba aondoke, naye aliwajibu vizuri kabisa kwamba yuko kwake, akawakaribisha maji.

Waziri Tindwa alieleza mradi mbele ya Mtukufu Rais, fimbo mkononi, mchoro nyuma yake. Mchoro ulionyesha kilima, na juu ya kilima jitu lenye macho na meno, na kati yao mstari mnyoofu.

"Kila kipande cha bomba tutakachounga, Mtukufu, kitaupunguza umbali! Leo tunaupunguza kwa mita kumi. Kesho kwa mia. Hatutalala mpaka umbali wote umekwisha!"

Makofi. Kisha, kwa mujibu wa itifaki, Mtafsiri wa Gesi aliitwa aisome ile hati yenyewe, ili jiwe litakapofunuliwa liwe limesikia.

Sikudhani alisimama mbele ya kipaza sauti. Kutoka pale aliliona tingatinga, aliiona X, aliona na ncha ya mpera nyuma ya jiko. Akasoma, na alipofika kwenye "umbali wake kutoka hapa ni miaka mia na hamsini ya nuru", watu wakapiga makofi kama kawaida, na katikati ya makofi hayo likamjia wazo, kama lilivyomjia lile neno wakati wa chai. Safari hii hakufurahi. Aliogopa. Lakini lilikuwa limekwisha kuja.

"Mtukufu Rais," alisema, "naomba ruhusa ya kuuliza swali moja la kitafsiri, hati isije ikapotosha."

Rais, aliyekuwa na furaha, akatikisa kichwa kukubali.

"Mheshimiwa Waziri amesema tutaupunguza umbali. Na umbali wenyewe, kwa mujibu wa hati, ni miaka mia na hamsini ya Nuru. Bomba likifika katikati ya safari, nitafsiri kwamba imebaki miaka mingapi ya Nuru?"

Waziri alicheka. "Sabini na mitano! Hesabu rahisi tu hiyo."

"Na likifika robo tatu?"

"Thelathini na saba na..." Waziri alianza, kisha akapunguza mwendo.

"Na siku gesi itakapofika hapa, Mheshimiwa? Niandike imebaki miaka mingapi ya Nuru?"

Bendi ilikuwa imejiandaa kupiga, mpiga tarumbeta akaishusha tarumbeta yake. Mtukufu Baba wa Nuru alionekana akihesabu kwa vidole, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alipomaliza akamgeukia Waziri wake.

"Tindwa."

"Mtukufu."

"Hilo bomba lako linakula miaka yangu?"

Mheshimiwa Tindwa alikuwa amedumu serikalini miaka ishirini na sita ya Nuru, na hapo ndipo ilipoonekana kwa nini. Hakupepesa jicho. Alivunja ile fimbo ya kuonyeshea kwenye goti lake, akapaza sauti kuliko mtu yeyote pale kilimani: "Ndivyo nilivyokuwa nikisema tangu mwanzo, Mtukufu! Umbali ulindwe! Nani ameleta tingatinga hapa?"

Dereva wa glavu nyeupe akalirudisha tingatinga kinyumenyume, riboni ikapeperuka, hadi chini ya kilima. Mtukufu Rais akaliondoa pazia mwenyewe, na akatamka papo hapo kwamba lile halitakuwa jiwe la msingi, bali Jiwe la Kutosogea. Akapiga marufuku mtu yeyote, wa Chama au asiye wa Chama, kuikaribia gesi kwa hata hatua moja. Wizara ikabadilishwa jina ikawa ya Nishati na Ulinzi wa Umbali, chini ya waziri yuleyule. Kwa kuwa haikujulikana vizuri ni upande gani mtu akienda anapunguza umbali, wananchi walishauriwa wabaki palepale walipo. Wengi waliona ushauri huo ni mwepesi, maana walikuwa wamekwisha kuuzoea.

*

Jioni hiyo Sikudhani alikaa jikoni kwa Shangazi Mashavu. Yule kijana wa manispaa alikuwa amerudi kuifuta X, na kwa kuwa kanuni zake hazina kifungu cha kufuta, alipaka X nyingine, iliyoinama upande, juu ya ile ya kwanza ili kuibatilisha, ukuta ukawa na nyota nyekundu ya miguu minane. Aliomba tena radhi kwa mkeka.

Shangazi alikuwa ametoka kaburini kumsimulia marehemu, na alionekana amemsimulia kwa kuongeza. Akapakua wali na mchuzi wa bamia, akamsogezea Sikudhani sahani ya kwanza, jambo ambalo hakuwa akimfanyia mtu mdogo.

"Kwa hiyo nyumba yangu ni yangu."

"Ni yako, Shangazi. Hawataigusa."

"Kwa muda gani?"

"Alimradi umbali haujapungua. Miaka mia na hamsini."

"Mimi na Kazumari inatutosha." Shangazi akatafuna, akameza. "Na wao?"

Sikudhani akaacha kula.

"Wao wa Chama nao, hiyo miaka yao, ni mingapi?"

"Mia na hamsini," alisema Sikudhani kwa sauti ndogo. Ndipo jambo lenyewe lilipomwingia lote kwa mara moja. Alikuwa ameiokoa nyumba mbele ya kipaza sauti, kwa kauli yake mwenyewe, kwa cheo chake, bila kukatwa na mkasi wa karani yeyote. Safari ya kwanza walimsikia vibaya. Safari hii aliwaambia yeye mwenyewe kwamba miaka hiyo ni ya Nuru yao. Macho yakamjaa machozi, akayainamishia kwenye sahani.

Shangazi Mashavu alisogeza mkaa kwa kijiti, akapuliza, akafikiri kidogo.

"Ahsante, mwanangu, umenisitiri, na Mungu akulipe," alisema. "Lakini hata siku ile ya kwanza, na makamusi yako yote hayo, hukuweza kutafsiri miaka mitano?"